NVDA kazini Nairobi: bure na imara, ila ijaribu kabla hujatia sahihi

Asiyeona anayetafuta kazi ya ofisi hapa Nairobi, iwe ni kupokea simu za wateja, kuingiza data katika shirika la Westlands au kuandika barua wizarani, huwa anasubiriwa na swali moja ambalo bosi huona haya kuliuliza: utasomaje skrini? Jibu la bei nafuu kuliko yote ni NVDA, programu inayotamka kwa sauti kile kilicho kwenye kompyuta ya Windows. Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe haoni, aliianza mwaka 2006. Yeye na mwenzake James Teh, naye asiyeona, wakaunda shirika la NV Access kuisimamia. Haina ada ya leseni, nyumbani wala kazini. Mpinzani wake mkongwe, JAWS, hulipiwa kwa dola, na usipolipa hukufanyia kazi dakika 40 tu kisha inakutaka uizime kompyuta na kuiwasha upya.

Tuseme mapema tunavyoiona. Kwa kazi zinazofanyika ndani ya Word, Excel, Outlook na kivinjari, NVDA inatosha na kubaki. Wanaokosa kazi au kutolewa kazini mara nyingi hawakukwamishwa na programu hii. Hukwamishwa na mfumo wa mwajiri usiosomeka, uliogunduliwa wiki ya kwanza mkataba ukiwa umeshatiwa sahihi. Kwa hiyo hapa tunaipima programu pamoja na mahali inapokwenda kutumika.

Kuisakinisha ni rahisi. Inapakuliwa kwenye tovuti ya NV Access, ambako utaombwa mchango kwanza, unaweza kuruka. Wakati wa kusakinisha, acha alama kwenye kisanduku cha kuitumia kwenye skrini ya kuingia, la sivyo kila asubuhi utaandika nywila bila kusikia lolote. Kisha ingia kwenye mipangilio ya jumla ubonyeze kitufe cha kunakili mipangilio yako hadi skrini hiyo, maana bila hivyo sauti na kasi uliyoizoea haitakuwapo pale. Kitufe hicho huomba ruhusa ya msimamizi wa kompyuta, kwa hiyo hakikisha mtu wa IT yupo siku hiyo. Na angalia umri wa mashine: bado utakuta ofisi zenye kompyuta za mtumba za Windows 7, na hizo mwisho wake ni toleo la 2023.3.4. Matoleo ya sasa yanataka Windows 10 au 11.

Kuna pia nakala ya kubeba kwenye flashi, inayotengenezwa kutoka menyu ya NVDA, sehemu ya zana. Hii ndiyo silaha ya siku ya mahojiano. Unachomeka, unafungua, unafanya jaribio la kuandika kwa mipangilio yako mwenyewe, unachomoa, na kompyuta ya watu inabaki kama ulivyoikuta. Mipaka yake ni miwili. Haisomi ujumbe wa Windows unaoomba ruhusa ya msimamizi, na ofisi nyingi, hasa benki, zimezima kabisa matumizi ya flashi. Andika barua pepe kwa idara ya wafanyakazi siku chache kabla, ueleze kwamba unaleta programu ya kusoma skrini, na uombe mtu wa IT aifungulie njia. Ukifika na kukuta flashi imekataliwa, iko Narrator, kisoma skrini cha Windows yenyewe: shikilia Windows na Control, bonyeza Enter. Ni hafifu kwa kazi ya kutwa, lakini mahojiano yatapita.

Jambo linalowachanganya wengi waliofundishwa chuoni ni kibodi. NVDA ina mipangilio miwili, ya kompyuta ya mezani na ya laptopu, na amri zake hazifanani. Kusoma mfululizo ni kitufe cha NVDA (kwa kawaida Insert) na mshale wa chini kwenye ya mezani, lakini NVDA na A kwenye ya laptopu. Mtu amefunzwa na Insert na vitufe vya namba vya kulia, anapewa laptopu ndogo isiyo navyo, siku ya kwanza anaonekana hajui kitu. Chagua mpangilio wa laptopu, fanya Caps Lock kuwa kitufe cha NVDA, na uzizoee amri hizo kabla ya kuripoti kazini. NVDA na 1 hukuwezesha kubonyeza kitufe chochote ukatajiwa kazi yake bila kuharibu kitu. Ni mwalimu wa bure.

Sauti ndipo watu hugawanyika. Programu huja na eSpeak NG, yenye lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo. Ni sauti ya bati, hakuna haja ya kuipamba, lakini inabaki kusikika hata ukiipeleka kasi mno, na kasi ndiyo mkate wa mtu wa kuingiza data. Sauti za Windows ni laini zaidi ila huvuta miguu kidogo unapobonyeza vitufe haraka. Shida ya Nairobi ni kwamba barua moja ina Kiingereza na Kiswahili mchanganyiko. NVDA hubadili lugha yenyewe pale tu hati au ukurasa unapotangaza lugha yake ndani ya msimbo, na kurasa nyingi za hapa zimeandikwa Kiswahili huku zikijitangaza kuwa za Kiingereza. Matokeo yake ni “karibu sana” inayotamkwa kama jina la Mwingereza. Dawa ni kuzima ubadilishaji wa lugha wa kiotomatiki na kuunda wasifu wa mipangilio kwa kila programu (NVDA, Control na P): Kiswahili kwenye programu unakoandikia wateja, Kiingereza kwenye Excel.

Excel yenyewe inastahili kusifiwa. Simama kwenye seli ya kwanza ya mstari wa vichwa, bonyeza NVDA, Shift na C, na kuanzia hapo ukihama safu utasikia “Jina”, “Kiasi”, “Tarehe” kabla ya yaliyomo. Bila hatua hii utakuwa unakariri kwamba F ni kiasi na G ni tarehe, na hapo ndipo makosa ya malipo huzaliwa. Kwa mistari ni NVDA, Shift na R. NVDA na F7 hukupa orodha ya karatasi, fomula na maoni yaliyomo kwenye kitabu. Kwa tarakimu usiamini sikio peke yake, kwani 15 na 50 za Kiingereza kwa kasi kubwa ni ndugu. Bonyeza F2 kwenye seli na upite herufi moja moja kwa mshale. Anayesoma nukta nundu na mwenye kionyeshi chake, yaani kifaa kinachoinua maandishi kwa nukta za kugusa, hata kidogo cha nafasi 20 za herufi, yuko mbele zaidi, kwa sababu anagusa namba badala ya kuisikia, na NVDA hutambua vionyeshi vingi yenyewe ukiviunganisha kwa USB au Bluetooth.

Walio kwenye vituo vya simu, sikilizeni hapa. Tangu toleo la 2024.2 kuna mgawanyo wa sauti: NVDA, Alt na S, na programu inasema kwenye sikio moja, mteja kwenye lingine. Ni kitu kidogo kilichotatua kero kubwa. Tahadhari: haichanganyi sauti, hukata tu upande mmoja, kwa hiyo video ya mafunzo yenye sauti za pande mbili utaisikia nusu. Wengine wanapendelea vifaa viwili, spika ya sikio ya kazi kwa mteja na nyingine ndogo kwa NVDA, jambo linalowezekana kwa kuchagua kifaa cha kutolea sauti kwenye mipangilio. Kwenye mikutano ya mtandaoni, NVDA na S hubadili namna ya kusema, ikiwemo ile ya kunyamaza hadi uulize, ili ujumbe wa watu kwenye gumzo usikuzibe masikio. Mwenzako akionyesha skrini yake, NVDA haioni chochote kwa sababu ile ni picha. Omba faili kabla.

Sasa pale inapokwama.

Hati zilizopigwa skani ndizo adui wa kila siku. Risiti, barua yenye muhuri, nakala ya kitambulisho: zote ni picha. NVDA na R huita kisoma maandishi cha Windows na kutamka kilichopatikana, lakini kinasoma tu kinachoonekana kwenye skrini wakati huo. Hati ya kurasa kumi inakutaka urudie mara kumi, na mwandiko wa kalamu mara nyingi hukishinda. Kazi ikiwa ni ya skani kutwa nzima, iseme wazi kwa mwajiri kwamba zinahitajika kupitishwa kwenye programu ya kutambua maandishi kabla hazijakufikia.

Kompyuta za mbali ni ukuta. Ofisi ikitumia mfumo unaofunguliwa ndani ya dirisha la seva, iwe ni Remote Desktop au Citrix, NVDA ya kwenye meza yako itasikia dirisha tupu mpaka nayo ikae upande wa seva. Toleo la 2025.1 limeleta huduma ya kuunganisha NVDA mbili, lakini upande wa pili bado lazima isakinishwe, na hiyo ni ruhusa ya IT, wakati mwingine ya makao makuu nje ya nchi. Hapa JAWS ina historia ndefu zaidi na msaada wa kulipia, na mwajiri mkubwa mwenye mfumo wa namna hii afadhali alipe.

Google Docs nayo huonekana bubu hadi uwashe msaada wa visoma skrini kwa Control, Alt na Z. Wengi huikatia tamaa bila kujua hilo.

Kwa hiyo kabla ya kutia sahihi, omba nusu saa na mfumo halisi wa ofisi. Pita ukurasa wa kuingia kwa Tab na usikie kama kila kisanduku kinataja jina lake. Fungua orodha ya vipengele kwa NVDA na F7 uangalie vitufe. Ukisikia neno moja la “kitufe” likijirudia bila jina, mtengenezaji hakuvipa majina. Jaza fomu moja vibaya makusudi uone kama ujumbe wa kosa unasomwa au unabaki rangi nyekundu tu. Toa ripoti moja kwenda Excel. Vitufe visivyo na jina si sababu ya kukataa kazi: msanidi huongeza jina kwenye msimbo, na Kenya ina kiwango chake cha ufikivu wa TEHAMA, KS 2952 cha 2022, cha kumwekea mezani. Kifungu cha 54 cha Katiba nacho kinataja haki ya kupata vifaa vya kumwezesha mtu kushinda vikwazo vya ulemavu wake. Barua yenye orodha ya vitufe vitano mahususi hufanya kazi kuliko kifungu chochote, lakini kiambatishe tu.

Mafunzo yapo. NV Access huuza vitabu vya kujifunzia, kimoja kimoja kwa NVDA ya msingi, Word, Excel na Outlook, na mtihani wao wa utaalamu unafanywa bila malipo. Unalipia cheti ukikitaka. Cheti hicho kwenye wasifu humpa mwajiri kitu cha kushika. Mwenye uoni hafifu aiongezee Kikuzaji cha Windows (Windows na alama ya kujumlisha), vyote viwili hukaa pamoja bila ugomvi. Msimamizi anayetaka kujua unasikia nini afunguliwe kitazamia usemi kwenye zana, ambacho huandika kila neno linalotamkwa.

Na usisasishe mwisho wa mwezi. Toleo la kwanza la kila mwaka, lile linaloishia na .1, huvunja viongezo, yaani programu ndogo za kuiongezea NVDA uwezo, vilivyotengenezwa kwa matoleo ya nyuma hadi watengenezaji wake wavirekebishe. Tengeneza nakala ya kwenye flashi ya toleo unalotumia, sasisha Ijumaa jioni baada ya mishahara kutoka, na ile flashi iweke kwenye droo.