Ushuru wa dagaa mwaloni: mashine nyota nne, choo nyota moja

Nanunua dagaa kwenye mwalo mmoja, yaani ufukwe wa kushushia samaki, hapa Mwanza, na ushuru wa halmashauri nalipia getini. Mashine ya POS, ile ya mkononi ya kutolea risiti, nimeipenda sana: kijana anahesabu magunia, risiti inatoka papo hapo na kiasi chake, hakuna kubishana. Na ana adabu, anakuita mama.

Shida inaanza mwezi ukiwa mpevu. Usiku kuna mwanga, taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi inakaa nchi kavu, mapato ya halmashauri yanashuka, na cha kwanza kuachwa ni usafi. Choo kinafungwa, taka zinarundikana karibu na vichanja vya kuanikia, nzi wanahamia kwenye dagaa wetu. Jamani, mwezi mpevu unajulikana tarehe zake! Kipindi cha giza, dagaa wakijaa, halmashauri tengeni kwanza fungu la usafi.