TAHADHARI: Yule muuza seti za "kaboni" za kuvulia samaki mtoni ni tapeli

Jamani, yule anayepiga picha vifaa vyake juu ya zulia la kijani, anayeuza "seti kamili ya ukingoni", ni mwizi. Nimenyamaza siku tatu kwa aibu, maana mimi ndiye mnayeniuliza fimbo ipi inafaa na rili (kile kifaa cha kukunjia mshipi) ipi inafaa. Ila nasikia kuna wengine wawili wanataka kumlipa. Msimlipe.

Angalieni alivyoniingiza. Swali lake la kwanza: "Kaka, unavulia ukingoni au mtumbwini?" La pili: unaposimama kuna matawi juu? La tatu: unarusha chubwi (kizito cha kuzamisha ndoana) la gramu ngapi? Tapeli gani anauliza hivyo! Ukingoni penye uwazi unataka fimbo ya mita 2.7 hadi 3, ili mshipi upite juu ya majani na sehemu kubwa ibaki nje ya maji, mkondo usiuburute. Penye matawi unashuka hadi 2.1 au 2.4. Yote hayo aliyasema kabla sijafungua mdomo. Kisha akatoa fimbo iliyoandikwa mita 2.70, gramu 10–30, kaboni. Rili saizi 3000, beringi 13+1 (13 za goroli na moja ya kuzuia hendeli isirudi nyuma), mshipi wa milimita 0.28 umejaa vizuri kwenye bobini inayoubeba, umebakiza milimita 2 kufika mdomoni, kama inavyotakiwa. Kila namba ilikuwa mahali pake. Ndiyo maana nilimwamini.

Halafu akaishika ile rili kwa kidole na gumba, akaipiga hendeli mara moja, akaiachia. Ikazunguka yenyewe, kimya, muda mrefu, na yeye ananitazama tu usoni. Hapo ndipo nilipotoa hela. Na hapo ndipo pana uongo wenyewe! Rili isiyo na mzigo haisemi kitu. Ukiitoa grisi yote itazunguka hivyo hata kama gia zake ni takataka, na bila grisi hizo gia zinaanza kulana mapema. Ilitakiwa niweke kiganja kuizuia kidogo huku nazungusha, nisikie kama gia zinakwaruza. Nirudishe hendeli nyuma, nione kama inagoma papo hapo au inacheza kwanza. Sikufanya. Nimewafundisha watu hilo, na mwenyewe sikufanya.

Nimeifungua yote mezani. Beringi za kweli mbili. Kwingine ni bushi, vipete vya plastiki visivyo na goroli, hata kwenye kile kigurudumu kidogo cha pembeni mwa upinde wa waya kinachopitisha mshipi. Hicho hakizunguki kabisa, kwa hiyo kinausugua mshipi sehemu moja kila unapovuta. Breki nayo, ile inayouachia mshipi samaki akivuta kwa nguvu, inanata. Mshipi unaokatika kwa kilo 6, breki yake unaiweka ianze kuachia kwenye kilo 1.5 hadi 1.8, taratibu, bila kushtuka. Niliipima kwa mizani ya kuning'iniza: inang'ang'ania mpaka kilo 4, halafu inaruka ghafla. Samaki mzito akipiga mkia mara moja umebaki na kipande cha mshipi mkononi. Na mshipi wenyewe? Aliniambia mita 150. Nimehesabu mita 40, kisha fundo nene kama punje ya mtama, na chini yake kamba ya pamba. Ukirusha mbali, fundo linagonga pete ya kwanza ya fimbo na mshipi unakatikia palepale.

Fimbo ni faiba, yaani nyuzi za kioo. Imebandikwa stika ya msuko wa kaboni na kupakwa vanishi juu. Nilifungua kofia ya kitakoni, nikakwangua ukingo wa ndani, nikagusisha ncha mbili za mita ya fundi umeme. Kaboni inapitisha umeme, ndiyo sababu hatuinyanyui karibu na nyaya. Hii haikupitisha chochote. Faiba si mbaya, inavumilia kugongwa kuliko kaboni, na anayeanza ningemshauri aichukue. Lakini iuzwe kwa jina la faiba na kwa bei ya faiba!

Huyu mtu anajua. Mtu asiyejua hawezi kuuliza lile swali la matawi. Anaijua kazi yetu na anaitumia kutuibia, na ndicho kinachoniuma kuliko hela. Apelekwe polisi, arudishe pesa za kila mtu, asiruhusiwe kuuza hata ndoana moja.

Kwa wanaokaribia kununua, haraka haraka: hakubali ufunge mshipi mahali uvute. Hauzi rili bila mshipi ndani. Anataka pesa yote kwanza. Pete za fimbo nazo zikagueni, pitisheni pamba ndani ya kila moja. Nyuzi zikinasa, kauri ya ndani ya pete imepasuka na itakata mshipi. Kwangu zilikuwa mbili. Kuna mengine nitayakumbuka, kwa sasa nina hasira mno.

Aliyewahi kuuziwa naye asifute mazungumzo wala picha. Niandikieni pembeni, twende kituoni pamoja na rili zetu zikiwa zimefunguliwa, azione mwenyewe mbele ya askari.