Niliomba "Blood Diamond" ya kutafsiriwa, nikapewa muvi ya kausha damu

Kuna kibanda cha kuingiza muvi kwenye flashi pale Tandika, karibu na sokoni. Jina silitaji, jamaa ana watoto wanakula humo humo. Nilimwambia nataka Blood Diamond, ile ya 2006 ya DiCaprio, iliyotafsiriwa, maana naangalia na mama na Kiingereza kwake hakipandi. Shilingi mia tano, dakika mbili kaingiza. Picha safi, sauti safi. Hapo sina neno.

Ugomvi wangu ni na DJ aliyeitafsiri, na ni kwa sentensi moja tu.

Mwanzoni kabisa waasi wa RUF, wale wa vita ya Sierra Leone, wanavamia kijiji cha Solomon, mvuvi, anayeigizwa na Djimon Hounsou. Watu wanapangwa foleni, panga liko tayari. Kiongozi wao anaeleza kwa nini wanakata mikono: serikali inawaambia mkapige kura, eti kesho ya nchi iko mikononi mwenu, basi sisi hiyo mikono tunaichukua. Sekunde chache tu. Na hayo hayakutungwa Hollywood. Uchaguzi wa 1996 kule Sierra Leone watu walikatwa mikono kweli ili wasipige kura, ndani ya vita iliyoanza 1991 ikaisha 2002. Ukiyaondoa maneno yale, unabaki na watu wabaya wanaokata watu, basi, hujui hata wanagombea nini.

Sasa msikilize DJ wetu: "Haya, wateja wa kausha damu, marejesho yako wapi? Umekula hela ya kikoba, leo unaacha mkono dhamana!" Yaani ile mikopo ya mtaani ya riba ya kunyonya! Halafu kile kicheko chake cha kwenye maiki.

Mama akanigeukia: "Kwani huyo alikopa shilingi ngapi?"

Nikasimamisha muvi nikaanza kueleza. Wapi! Mama ni mtu wa kikoba, marejesho anayajua kuliko siasa za Freetown, na DJ alishamuwahi. Tumeenda nusu saa mbele, mji unachomwa, watoto wadogo wanalishwa madawa na kufundishwa kuua, yeye bado yuko kwenye deni: "Sasa mbona hawamdai tena?" Na huyu ni mama ambaye hajawahi kukosa kupiga kura. Ungemwambia tu kwamba wanakata mkono ili usichovye kidole kwenye wino, angeelewa kabla hujamaliza kusema. Ndiyo maana nina hasira. Haikuwa ngumu!

La pili. Tangu mwanzo DJ kamtangaza DiCaprio kuwa stelingi, mvuvi wa watu kamwita "msaidizi wa stelingi". Sote tunajua sheria ya kibanda umiza: stelingi hafi. Sasa huyu anakufa, tena mlimani, damu inamtoka tunaiona. DJ kabanwa, akasema, "Msihofu, kapumzika kidogo, atarudi sehemu ya pili." Sehemu ya pili haipo! Na kwangu mimi stelingi ni yule mvuvi anayemtafuta mwanawe, huyo mwingine ni mfanya magendo aliyepata huruma kwa kuchelewa.

Lakini nisimwonee. Kuna pale Dia, mtoto wa Solomon, anamwelekezea baba yake bunduki. Waasi wameshamharibu, baba hamjui tena. Nikajua hapo lazima litakuja la wakwe au la mahari. Halikuja. DJ kashusha sauti, akasema Kiswahili cha nyumbani kabisa: "Dia, mimi ndiye baba yako. Najua walikutuma. Twende nyumbani." Mama akaniambia ninyamaze, na sikuwa nimesema kitu. Nimeiangalia muvi hii kwa Kiingereza huko nyuma, pale hapakunigusa hivyo. Kwa hiyo jamaa anaweza! Anaweza, halafu hataki, jambo ambalo linaniudhi kuliko angekuwa hajui kazi.

Mwishoni yanatokea maandishi kuhusu makubaliano ya Kimberley ya 2003 ya kuzuia almasi za vita, na kuhusu watoto wanaopiganishwa. Badala ya kuyasoma, DJ katupa namba yake ya simu na salamu za wadhamini. Hata ile almasi ya rangi ya waridi inayopiganiwa muvi nzima hakuisemea chochote, wakati sisi wenyewe kwenye mgodi wa Mwadui, Shinyanga, ilitoka ya waridi mwaka 1947, akapewa Elizabeth wa Uingereza kwa harusi yake. Na mama kwao ni huko huko Shinyanga. Angepewa huo mlango tungekesha.

Nilirudi kibandani kulalamika. Kijana hakuinua hata macho kwenye kompyuta. "Braza, unataka muvi au unataka taarifa ya habari ya saa mbili?" Wateja wakacheka. Akaongeza kwamba watu wanakuja kwake wamechoka, siasa wameshazisikiliza kwenye daladala. Ile dharau imeniuma mpaka leo, ila nikiwa mkweli, hoja anayo. Bila mabomu na bila huyo DJ, mama asingekaa zaidi ya saa mbili na habari za Sierra Leone. Ingekuwa makala ya runinga angelala kwenye kochi.

Basi nilipanga kutoa nyota moja. Kwa ile ya baba na mwana nikapandisha hadi tatu. Nikikumbuka kausha damu narudisha mbili, na kijana wa kibandani kwa majibu yale sina nyota ya kumpa, hata kama picha zake ni safi. Msinishangae lakini mkinikuta pale tena Jumamosi, maana mama kashanituma nikamletee sehemu ya pili.