Dinari nzuri, muuzaji hana adabu

Nimenunua dinari, sarafu ya dhahabu ya Bani Umayya, ule ukoo wa makhalifa wa kale, kwenye duka moja la vitu vya kale hapa Dubai na bado nina hasira, mtanisamehe. Sarafu yenyewe sina neno nayo, shida ni cheti na yule jamaa aliyekiandika.

Cheti kina muhuri na kila kitu, kinasema hii ni dinari ya Abdul-Malik bin Marwan. Haya, nikaomba lenzi, nikawa naizungusha taratibu huku nasoma yale maandishi ya ukingoni, Bismillahi, imepigwa dinari hii mwaka wa nane na mia. Mia na nane ya Hijria jamani! Abdul-Malik kafariki mwaka 86, sasa alifufuka kuja kupiga sarafu? Mwaka 108 anatawala mwanawe Hisham. Na mtu asiniletee habari za Kufi, ule mwandiko wa kale wa Kiarabu, ni ngumu, kweli haina nukta ndo maana saba na tisa watu wanazichanganya, lakini nane iko wazi kabisa.

Nikamwambia yule muuzaji kwa upole. Sarafu hata hakuitazama, kanitazama mimi, juu mpaka chini, nina yunifomu ya kazi, akasema "Rafiki, wewe lipa, kusoma tuachie sisi." Mimi huyu niliyekula bakora za chuoni Tanga kwa kukosea irabu! Kisha akaongeza, eti wote ni Bani Umayya tu, kuna tofauti gani.

Tofauti gani?! Kuna dinari za Abdul-Malik za kabla zilizokuwa na sura ya khalifa kasimama na upanga, halafu mwaka 77 akafuta picha zote yakabaki maandishi matupu, shahada upande huu, Allahu Ahad Allahu Samad upande ule, na jina la khalifa halipo popote. Halipo! Kwa hiyo mwaka ndo kitu pekee kinachokwambia nani alikuwa kwenye kiti, ukiusoma vibaya umeuza baba badala ya mtoto. Na maneno machache kwenye hizi sarafu si mchezo, kuna dinari ya mwaka 105 iliuzwa mnadani London 2011 kwa zaidi ya pauni milioni 3 kwa sababu ina mstari unaotaja machimbo ya Amirul-Muuminina, yaani khalifa, huko Hijazi.

Nilichotaka ni karatasi iliyosahihishwa tu, akakataa katakata. Ila bei akaishusha, kimyakimya, bila mimi kuomba. Yaani alikuwa anajua! Hapo ndo nilichemka zaidi.

Basi nikainunua, nitafanyaje, herufi zimekaa kali kama zimepigwa jana, hakuna tundu, hakuna alama ya kuwahi kuunganishwa kwenye mkufu kama nyingi zinavyokuwa. Kwa bei ya Hisham ni haki kabisa. Cheti nimekichana nje ya duka pale pale akiniona.

Nilitaka kuwapa nyota tatu kwa ajili ya sarafu, lakini nikikumbuka ile "rafiki" yake nawapa moja, na hiyo moja ni ya Hisham. Usiende kama husomi Kiarabu. Kama unasoma nenda, vitu vyao ni vya kweli, nasikia wanatarajia za Fatimiya, ukoo mwingine wa makhalifa, na zile walau zina jina la khalifa, tuone ataandika nini kwenye cheti safari hii.