Uzoefu wangu: Shaki yangu ililia nyuma miezi mitatu, fundi wa Miritini akaipata kwa masikio

Naandika hii kwa wenzangu wenye HiAce za zamani, hizi tunazoita Shaki, manake najua tuko wengi hapa Mombasa na najua gari ikianza kulia huko nyuma kitu cha kwanza utaambiwa ni difu imekufa, lile boksi la gia katikati ya ekseli ya nyuma. Mimi niliambiwa hivyo hivyo na nilibakisha kidogo tu nitoe 45,000.

Kazi yangu ni mapishi ya harusi na hitima. Gari ni Shaki ya 1997, dizeli, injini ya 3L, viti vya nyuma nilishatoa zamani, ndo inabeba sufuria, majiko, meza, viti, vijana wangu na kila kitu. Wikiendi moja yaweza kutoka Kisauni alfajiri, ivuke feri iende Likoni, jioni iwe Bombolulu. Gari ikilala na mimi nimelala, kwa hivyo sina mchezo nayo.

Mlio ulianza wakati wa masika. Ukifika 50 hivi unasikia wuuuuu mzito kama mashine ya posho ukiisikia uko nyumba ya tatu, ukiongeza spidi na wenyewe unaongezeka, na gari ikiwa na mzigo ndo inazidi kabisa. Kijana wangu anayekaa nyuma na sufuria akaniambia mama, huku nyayo zinanitetemeka. Mi nikadhani tairi, manake tairi ikiliwa vibaya nayo hulia vile, nikaenda kwa jamaa wa pancha akahamisha za nyuma mbele na za mbele nyuma, 400 tu. Mlio ukabaki pale pale nyuma. Basi si tairi. Hio nawashauri mfanye kabla ya kwenda kwa fundi yeyote, ni pesa kidogo na inakutoa wasiwasi mmoja.

Gereji ya kwanza iko huku kisiwani, jina sitataja. Kijana alizungusha gari mtaa mmoja tu, kurudi akasema "Mama, difu hiyo." Gari haikupandishwa, gurudumu halikuguswa, chini hakuchungulia. Wakamwaga oili ya difu wakatia nzito zaidi, ile 140, nikalipa 3,500. Siku nne gari ikatulia kweli nikafurahi, ya tano mlio ukarudi vile vile. Kuwarudia wakasema sasa dawa ni difu nzima ya eksi-Japani, yaani iliyotumika huko Japani, 45,000 na kazi juu yake. Nikauliza mumejuaje ni difu? Akasema "tushaona nyingi." Mimi jibu lile halikunitosha kabisa, pesa ile ni ya harusi mbili nzima nikitoa gharama. Baadaye ndo nikaja kuelewa oili nzito inafunika sauti kwa muda, ni kama kumfunga mgonjwa mdomo ukasema amepona.

Jirani yangu wa matatu ndo akanielekeza kwa mzee mmoja Miritini, anafanyia kazi chini ya mwarobaini, kibanda cha mabati, hakuna hata kibao. Nikaenda siku ya Jumatano asubuhi. Salamu kwanza, akaniweka kwenye benchi, akaanza kuniuliza maswali kama daktari. Yalia zaidi ukikanyaga mafuta au ukiachia? Ukikata kona yabadilika? Hendibreki inashika? Mara ya mwisho kupita kwenye maji ni lini? Hilo la maji lilinishtua, manake nilikumbuka ile siku ya mvua kubwa nilitoka mbali gari ina moto wake na mzigo, nikaingia kwenye maji yaliyofika katikati ya rimu na foleni ikasimama nikakaa mle karibu dakika kumi. Akatikisa kichwa tu, hakusema kitu.

Tukatoka kwenda kuijaribu barabara ya Dongo Kundu, pana, na saa zile magari machache. Mimi ndo nilikuwa usukani, yeye akakaa nyuma sakafuni kabisa juu ya ekseli, kiganja kimelala kwenye bodi. Akaniambia fika 60 halafu achilia mafuta. Nikaachilia. Mlio haukubadilika, ukapungua pole pole tu na spidi. Kanyaga tena. Vile vile. Akanieleza kwa sauti huko nyuma, difu ikiliwa meno ile kraunihwili na pinioni, yaani gia kubwa na ndogo zinazoshikana ndani yake, sauti yake hubadilika ukivuta na ukiachia, manake meno yanakandamizana upande huu ukikanyaga na upande mwingine ukiachia. Halafu akasema beringi ya pinioni nayo sauti yake ingekuwa nyembamba kama mluzi, sababu propela, ile shafti ndefu inayotoka kwenye giaboksi kuja kwenye difu, inazunguka mara nne na zaidi wakati gurudumu linazunguka mara moja. Huu ni mzito, ni kitu kinachozunguka na gurudumu. Tukahakikisha nyuma hakuna gari, akasema sasa peleka usukani kushoto taratibu. Mlio ukapanda. Kulia, ukashuka. Ukienda kushoto gari inalalia kulia, na gurudumu la kulia ndo linabeba uzito. Nilisikia kwa masikio yangu mwenyewe, miezi mitatu naendesha gari ile na sijawahi kufikiria kuijaribu hivyo!

Lakini hata hapo hakukimbilia kusema tununue. Alisema ekseli ni bomba moja la chuma, sauti yaweza kuzaliwa kulia ukaisikia kushoto, lazima mkono ushike. Kurudi gereji akaweka mawe magurudumu ya mbele, akapiga jeki, akaweka stendi pande zote mbili (akaisukuma gari kwa bega kuona imekaa, hapo nilimpenda), gia huru, hendibreki chini. Kijana wangu akashika gurudumu moja manake ukizungusha la kushoto la kulia nalo linazunguka kinyume na sauti zinachanganyika. La kushoto likateleza kimya. La kulia, mzee akauchukua mkono wangu akauweka kwenye springi za majani karibu na ekseli, akazungusha gurudumu kwa mkono wake mwingine. Niliisikia kwenye vidole. Kr kr kr kr, kama mchele wenye changarawe ukiuchezesha kwenye ungo. Upande wa kushoto springi kimya kabisa.

Oili nayo aliikagua. Kwanza akafungua nati ya juu ya kujazia ndo akafungua ya chini ya kumwagia, nikamuuliza kwani kuna tofauti gani, akasema ya juu ikigoma kufunguka na ushamwaga oili utaijaza wapi. Akachukua sumaku ya spika kuukuu akaifunga kwa karatasi ya nailoni akaizungusha kwenye ile oili. Ikatoka na tope jembamba la kijivu, akalipaka kidoleni akalipeleka juani, akasema hili ni la uzee, ingekuwa difu imevunjika meno tungeona vipande na magamba. Akashika propela akaichezesha kushoto kulia kusikia uhuru wake, akaridhika. Kwa hivyo difu yangu ni nzima, kinacholia ni beringi ya gurudumu la kulia. Elfu arobaini na tano nzima ingeenda na mlio ungebaki, manake beringi ya gurudumu haiko ndani ya kile kichwa cha difu walichotaka kuniuzia!

Dramu ya kulia ilipotoka ndo nikaona hasara yenyewe. Breki shuu zimelowa oili nyeusi inang'aa, vumbi limegandamana kama masizi ya chungu. Kumbe ndo maana hendibreki ilikuwa dhaifu na gari ikivuta kidogo kushoto nikifunga breki, na mimi nilisema ni barabara. Oili sili, ile ringi ya mpira inayozuia oili isitoke kwenye ekseli, ilishakufa.

Kutoa hafushafti, ile shafti ya ndani ya ekseli inayozungusha gurudumu, alitumia akili ambayo sikuwahi kuiona. Alifungua paipu ya breki, akafungua nati nne nyuma ya ile bamba inayoshika breki, halafu akairudisha dramu kinyume, uso ndani, akaweka nati za gurudumu nyuzi chache tu bila kukaza, akaivuta dramu kwa nguvu igonge zile nati. Gonga mara nne, tano, hafushafti ikachomoka na beringi yake. Hakuna nyundo iliyogusa kitu.

Beringi ilikuwa na kutu ya rangi ya chai, na njia ya gololi ina vishimo vidogo vidogo, chuma kimebanduka kama rangi ya ukuta wa chumvi. Akanionyesha juu ya ekseli kuna kitundu cha kupumulia chenye kofia ndogo, kimeziba kabisa kwa tope na chumvi. Ekseli ikipata moto hewa ndani inapanuka, haina pa kutokea, inaisukuma oili ipite kwenye sili. Na ikiwa na moto halafu ikaingia majini inapoa ghafla, inavuta, na inavuta kupitia sili zile zile, hivyo maji yaliingia. Siku ile ya mvua ndo ilinimaliza. Alikizibua, akaunga mpira mrefu akaupandisha juu karibu na chesisi. Sie wa pwani tunaopita feri kila siku na mafuriko kila masika, hio kofia ikaguliwe jamani, kuizibua ni dakika kumi tu.

Spea tulienda kununua pamoja Mwembe Tayari. Beringi alikataa mbili zenye maboksi mazuri, akachukua Koyo baada ya kusoma maandishi yaliyochongwa kwenye chuma chenyewe, si boksi. 3,800. Ringi yake ya kubana 400, oili sili mbili 900, manake hata ya kushoto alibadilisha kwa vile kitundu kilichoziba ni kimoja cha pande zote mbili. Shuu seti ya pande zote 2,400, akasema shuu iliyonywa oili haifuliwi na petroli ikapona, na huwezi kuweka mpya upande mmoja. Oili ya difu 80W-90 ya GL-5 lita tatu 1,950, maji ya breki 350, presi, ile mashine ya kusukumia beringi kwenye shafti, 600, kazi ya mzee 3,500. Jumla 13,900.

Ringi ya zamani aliikata kwa grenda nusu tu akamalizia kwa patasi ili shafti isikwaruzwe. Mpya ndo alinifurahisha, aliweka kopo la oili juu ya jiko la makaa akaitumbukiza ringi ipanuke, akasema yataka nyuzi kama 150. Mimi nimekaanga mahamri miaka ishirini, nikamwambia mzee hayo bado, ngoja kidogo, akatii kweli akangoja! Kabla ya presi aliniita nihakikishe naye kwamba bamba la breki limeshaingia kwenye shafti, manake ukilisahau ukabana ringi ni kukata upya na kununua upya. Kisha kutoa hewa kwenye breki, oili ikajazwa gari ikiwa sawa chini mpaka ikaanza kudondoka kwenye tundu la kujazia, basi.

Sasa mapungufu, manake yapo. Alisema siku moja, ikawa siku mbili na nusu, sababu mwenye presi hakuwepo na yeye hana yake. Mimi Ijumaa nilikuwa na hitima nikalazimika kukodi pikapu 4,000, hio imeniuma na nilimwambia. Risiti hana, aliniandikia kwenye karatasi ya daftari. Hakuna choo cha maana kwa mwanamke kungoja. Simu hashiki akiwa chini ya gari, usimpigie, nenda. Malipo M-Pesa sawa.

Lakini spea zangu zote kuukuu alinirudishia kwenye mfuko bila kuulizwa, na aliniambia nikimaliza kilomita 1,000 nirudi aangalie kama sili inashika. Nikarudi, akafungua dramu, kavu, unaweza kufuta kwa kitambaa cheupe, na hakuchukua hata shilingi, alikubali sahani ya pilau tu.

Ni wiki ya saba sasa. Jumamosi iliyopita tulikuwa tunarudi kutoka Ukunda usiku na sufuria tupu, 80 barabara nyoofu, kijana wangu akaniuliza mama nini hiyo inagonga? Nikasikiliza. Ilikuwa vifuniko vya sufuria, vinagongana huko nyuma, siku zote mlio ulikuwa unavifunika.

Anafungua saa mbili asubuhi Jumatatu mpaka Jumamosi, Ijumaa anafunga saa sita kwa swala na harudi mpaka saa tisa. Ukienda, muulize kwanza kama mwenye presi yuko.