Miezi mitano na MCP: zana ilikuwa sawa, maelezo yangu ndiyo yalikuwa mabovu

Mama mdogo anakodisha maturubai na viti Tanga. Oda zinaingia kwa WhatsApp na SMS, na kwa miaka mingi zilikaa kwenye kaunta buku na kichwani mwake. Nilimtengenezea programu ndogo ya kutunza oda, halafu nikaiunganisha na wakala wa akili mnemba (AI inayofanya kazi yenyewe badala ya kujibu maswali tu) ili asome ujumbe wa wateja na kupanga kazi. Kiunganishi ni MCP (Model Context Protocol), itifaki huria iliyotolewa na Anthropic Novemba 2024, yaani utaratibu wa pamoja wa kumwezesha wakala kutumia programu nyingine.

Kuiunganisha ni rahisi, sitapoteza maneno hapo. Kwa lugha ya Python unaweka @mcp.tool() juu ya fankisheni yako (kipande cha msimbo kinachofanya kazi moja), imeshakuwa zana ambayo wakala anaweza kuiita. Ila kuna jambo linatupita wengi: yale maelezo ya chini ya jina la fankisheni, ambayo zamani hakuna aliyeyasoma, hata wewe uliyeyaandika, sasa ndiyo yanayokwenda kwa wakala. Msimbo wenyewe haoni. Anaona jina la zana, maelezo, parameta (taarifa ambazo zana inahitaji kujaziwa) na aina zake, basi.

Yangu yalisomeka hivi: "Hupanga kazi ya kupeleka mzigo. Weka mteja, tarehe na saa."

Ijumaa moja usiku dereva wa Kirikuu akanipigia. "Kaka, hii ya saa nane usiku ni msiba au nini?" Nikafungua programu. Kweli: viti 200, turubai 2, Jumamosi, 02:00. Mteja alikuwa ameandika "saa mbili asubuhi". Wakala akaandika 2, programu ikapokea 2, na dereva akasoma alichoandikiwa. Cha ajabu, oda nyingine wakala alikuwa anazigeuza sawasawa, asubuhi ya saa tatu inakuwa 09:00 kama inavyotakiwa, ndiyo maana sikushtuka mapema. Mimi nilishaona neno "saa" linajitosheleza, maana mtu yeyote wa pale dukani angeelewa.

Usiku uleule nikaandika upya: "Hupanga kazi ya kupeleka viti na maturubai. saa_24: saa ya kufika kwa mteja, mfumo wa saa 24, majira ya Afrika Mashariki. Wateja huandika saa za Kiswahili: 'saa mbili asubuhi' ni 08:00, 'saa nane mchana' ni 14:00, 'saa mbili usiku' ni 20:00. Mteja asipotaja asubuhi, mchana au usiku, usikisie. Muulize kwanza, ndipo uite zana hii."

Tangu hapo sijapigiwa simu ya saa nane. Kwa maoni yangu kubadili jina la parameta kutoka saa kuwa saa_24 kumesaidia karibu sawa na maelezo yote yaliyofuata, na ile mifano mitatu imefanya kazi kuliko sentensi yoyote ya kanuni.

Somo la pili lilinigharimu vocha. Zana ya kutuma SMS ikikwama ilikuwa inarudisha neno moja: "Imeshindikana." Wakala anajaribu tena. Na tena. Siku moja ujumbe ulikuwa umeshaondoka, kilichokwama ni kuhifadhi kumbukumbu tu, na mteja akapokea SMS tatu za kudaiwa arbuni ileile. Sasa majibu yanasema kilichotokea na cha kufanya: "Namba inaanza na 0. Andika kwa 255, tarakimu 12, kisha jaribu mara moja." Au: "SMS imeshatumwa. Usirudie."

Kuna kampuni ya malipo niliyotaka kuiunganisha, mwongozo wao ni PDF iliyojaa picha za skrini. Wakala alijibunia jina la parameta lisilokuwepo. Nimeiacha kwanza.

Malalamiko? Kwa mpangilio wangu, maelezo ya zana zote huenda pamoja na kila mazungumzo, na tokeni (vipande vya maneno ambavyo AI husoma na kuandika) zinalipiwa. Nilikuwa na zana 19, nimebakiza 7. Pia MCP inakuruhusu kuitia zana alama ya destructiveHint, kuonyesha kwamba inaharibu kitu. Lakini jina linajisema, Hint ni dokezo tu, haimzuii mtu. Nilikuwa na ghairi_oda na futa_oda, na wakala alikuwa anazichanganya. Sikuandika maelezo zaidi, nimeiondoa futa_oda kabisa. Mama mdogo akitaka kufuta, atafuta kwa mkono wake.

Nyota nne kati ya tano. Naendelea nayo. Kilichonishinda mpaka leo ni wateja wanaoandika "leteni jioni jioni hivi". Wakala anafuata maelezo yangu vizuri kabisa, anamuuliza mteja ni saa ngapi hasa, na mteja anamjibu: "We njoo tu."