Gololi na vijiti: seti ya kujenga molekuli za dawa, baada ya miezi mitatu

Nasoma famasia, na mchoro wa molekuli ubaoni kwangu ulikuwa seng'enge iliyokunjwa-kunjwa tu. Mimi ni mtu wa kushika. Ndiyo maana nikanunua seti hii ya plastiki: gololi 20 nyeusi za kaboni, 24 nyeupe za haidrojeni, 10 nyekundu za oksijeni, 4 za buluu za naitrojeni na moja ya njano ya salfa. Vijiti ni vya aina mbili, vifupi vigumu na virefu vinavyopinda. Jina la kiwanda siliweki; seti hizi zinafanana mno, na ninayoyasema hapa utayakuta kwenye nyingi.

Nilianza na aspirini, gololi 21, dakika kumi. Kuna jambo nilikuwa nimelikariri bila kulielewa: aspirini ikishazishika chembe sahani za damu, zile zinazosaidia damu kuganda, haziponi mpaka zife, siku 7 hadi 10, wakati ibuprofeni huziachia baada ya saa chache tu. Basi nikajenga serini pembeni, ile asidi amino (tofali moja la protini) inayokaa ndani ya kimeng'enya, yaani protini inayoendesha kazi za kikemia, ambacho aspirini hukizima. Nikang'oa kutoka kwenye aspirini kile kipande cha asetili, gololi 6, nikakichomeka kwenye oksijeni ya serini kwa kijiti kigumu. Tak! Kimeingia, na kukitoa ni kazi. Hiyo ndiyo bondi kovalenti, atomu mbili zikishirikiana elektroni. Chembe sahani haina kiini cha kuitengenezea kimeng'enya kipya, kwa hiyo inabaki na jeraha lake. Ibuprofeni haichomeki popote. Huegemea tu, kisha huondoka.

Penisilini G ilinigharimu kijiti. Katikati yake kuna pete ya pembe nne, atomu tatu za kaboni na moja ya naitrojeni. Sasa, matundu ya gololi nyeusi yametobolewa kwa pembe ya nyuzi 109.5, na pete ile inataka karibu na 90. Nikalazimisha na vijiti vigumu, kimoja kikakatika, nikaitukana seti. Usiku nikiwa kitandani ndipo nikacheka: kumbe plastiki ilikuwa inanieleza dawa inavyofanya kazi. Pete ile imebanwa na inatafuta kisingizio cha kufunguka. Kimeng'enya cha bakteria kinachofuma ukuta wake kinaigusa, inafunguka, na chenyewe kinanaswa hapo hapo kwa bondi kovalenti. Siku hizi naijenga kwa vijiti vinavyopinda. Inasimama, lakini iangushe sakafuni uone inapoachia.

Mpaka hapo ningeipa nyota zote. Tatizo ni kwamba seti inajua kushikana kwa nguvu peke yake. Bondi ya haidrojeni, ule mvutano hafifu kati ya haidrojeni ya upande mmoja na oksijeni au naitrojeni ya upande wa pili, haina kijiti, mvutano wa chaji haupo, wala zile nguvu hafifu za van der Waals zinazofanya molekuli mbili zilizolaliana zigande kidogo. Ni kweli, bondi ya kaboni na kaboni ina nishati ya kilojuli 347 hivi kwa moli, na ya haidrojeni mara nyingi haifiki hata 40. Lakini dawa nyingi hazichomeki kama aspirini. Zinashikilia kwa vitu vidogo vingi kwa pamoja, na kwenye sanduku hili vidogo hivyo havimo.

Nikatumia uzi wa kushonea. Vankomaisini, antibiotiki nyingine, haijengeki nzima, ina atomu 176, kwa hiyo niliichora kwenye karatasi nikajenga kile inachokikamata tu: ncha ya ukuta wa bakteria, asidi amino mbili za alanini zilizoungana. Kati ya karatasi na gololi nikafunga nyuzi tano, kwa sababu dawa hii huishika ncha hiyo kwa bondi tano za haidrojeni. Kisha nikafanya wanachofanya bakteria sugu: nikatoa gololi moja ya buluu pamoja na nyeupe yake, nikaweka nyekundu. Uzi mmoja ukabaki unaning'inia, hauna pa kufungwa. Kibaya zaidi, oksijeni hiyo mpya inatazamana na oksijeni ya dawa, na hizo husukumana. Mshiko unashuka karibu mara 1000. Kwa gololi moja! Nilikaa nikiutazama ule uzi muda mrefu kuliko nilivyowahi kutazama ukurasa wowote wa kitabu.

Lawama nyingine ni ndogo. Bondi ya amidi, ile ya kaboni na naitrojeni kama iliyomo kwenye parasetamoli, inazunguka kama feni kwenye seti hii, wakati kwa kweli ni ngumu kuzunguka kwa sababu ina nusu-tabia ya bondi pacha, yaani bondi mbili kati ya atomu zile zile. Anayeanza atadanganyika. Kijitabu cha maelekezo ni picha tupu, sikukifungua mara ya pili.

Nyota nne. Ukinunua, nunua na uzi. Na tafuta kopo lenye kifuniko, maana gololi nyeupe zinapotea kuliko zote: nimebaki na 19, na penisilini G inakula 18.